KABLA YA KUHAMA, ISIKILIZE NYUMBA KWA REDIO

Mtu anapotafuta nyumba ya kupanga au kiwanja cha kujenga, macho yake hufanya kazi kubwa. Hutazama paa kama linavuja, hupima umbali wa kwenda kisimani, huuliza habari za shule, soko, zahanati na usalama wa mtaa nyakati za usiku. Hayo yote ni sawa, wala hakuna mwenye busara atakayeyapuuza. Lakini liko jambo moja ambalo macho hayawezi kulitambua, nalo ni makelele ya umeme yanayoharibu usikivu wa redio. Nyumba yaweza kupendeza kwa rangi mpya na maua mlangoni, na bado jioni ukiwasha redio usisikie lolote ila mvumo na mikwaruzo. Wahenga walisema, nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Nasi tunaongeza kwamba ukiisha kuingia ndani, nyamaza kidogo usikilize.

Makala haya yanaeleza jinsi ya kufanya uchunguzi huo kwa redio ndogo ya betri, bila gharama na bila ufundi mkubwa, kabla ya kulipa kodi ya kwanza au kutia sahihi karatasi za ununuzi.

KWA NINI JAMBO HILI LITUHUSU

Familia za askari jeshi na polisi huhama kuliko familia nyingine nyingi. Leo baba yuko kituo cha mjini, mwaka ujao amehamishiwa mpakani. Na tangu Machi 2007, wengi wa vijana wetu wa Uganda wamewahi kutumikia kulinda amani nchini Somalia. Mama anayebaki nyumbani na watoto hutegemea habari. Ni kweli kwamba siku hizi simu ya mkononi imeingia kila mahali, lakini simu huisha chaji, vocha huisha, na mtandao hukatika. Redio ya betri huendelea kusema hata umeme ukikatika usiku kucha. Ndiyo inayoleta matangazo ya vifo, habari za maradhi ya kuambukiza, taarifa za mafuriko, bei za mazao, na mafundisho ya watoto.

Kadhalika, wako ndugu zetu wanaokaribia kustaafu. Hao hununua kiwanja kwa akiba ya utumishi wa miaka mingi, wala hawana akiba nyingine ya kununulia cha pili. Mpangaji aliyekosea anaweza kuhama baada ya miezi mitatu. Mstaafu aliyekosea huishi na kosa lake mpaka uzee, au huuza kwa hasara. Kwa hiyo saa moja ya kusikiliza kabla ya kununua ina thamani kubwa kuliko malalamiko ya miaka kumi baada ya kununua.

MAKELELE YA REDIO NI NINI

Redio hupokea mawimbi yaliyorushwa na mtambo wa matangazo kutoka mbali. Mawimbi hayo yanapofika nyumbani kwako ni dhaifu mno. Cheche yoyote ya umeme nayo hutoa mawimbi, iwe kubwa kama radi au ndogo kama ile inayoruka ndani ya swichi mbovu. Ikiwa cheche iko karibu, mawimbi yake huweza kuyashinda yale ya stesheni, nayo redio, isiyojua kuchagua, hukutolea yote pamoja.

Mtu aliyeyachambua makelele hayo kwa utaratibu wa kisayansi na kupata jambo kubwa alikuwa mhandisi wa Marekani, Karl Jansky, aliyefanya kazi katika maabara ya kampuni ya simu ya Bell huko New Jersey. Kazi aliyopewa ilikuwa ya kawaida kabisa: atafute vitu gani vinavyoweza kuharibu mazungumzo ya simu yaliyopitishwa kwa redio kuvuka bahari ya Atlantiki. Alijenga antena kubwa inayozunguka juu ya magurudumu, akasikiliza kwa miezi mingi, akaandika kila alichosikia. Akayagawa makelele katika mafungu matatu: ya radi za karibu, ya radi za mbali, na mvumo hafifu usiokoma ambao chanzo chake hakikujulikana. Mwaka 1933 alitangaza kwamba mvumo ule ulitoka nje kabisa ya dunia, katika kundi la nyota linaloitwa Njia ya Maziwa. Elimu yote ya kuchunguza nyota kwa redio ilianzia hapo.

Sisi hatutafuti nyota, ila njia yake yatufaa: alisikiliza kwa subira, akatenganisha sauti moja na nyingine, akaandika saa na upande ilikotoka. Mwenye kufanya hivyo hata kwa redio ya mfukoni atajua mengi.

WAKUBWA NAO HUPIMA KWANZA

Asidhani mtu kwamba kupima mahali kabla ya kuhamia ni wasiwasi wa bure. Nchi ya Afrika ya Kusini ilipotaka kujenga mitambo mikubwa ya kusikiliza nyota, wataalamu wake walitembea na vipimo nyikani, wakitafuta mahali penye ukimya wa redio. Wakachagua nyika kame ya Karoo, mbali na miji mikubwa. Mwaka 2007 likatungwa sheria ya kulinda eneo hilo lisivamiwe na mitambo yenye makelele. Mwaka 2018 mtambo wa MeerKAT wenye antena 64 za umbo la sahani, kila moja ikiwa na upana wa mita 13.5, ulizinduliwa rasmi hapo. Mpango mkubwa zaidi ambao MeerKAT ni sehemu yake una nchi za Afrika zinazoshirikiana nao, na jirani yetu Kenya imo.

Huko Marekani nako, mwaka 1958 serikali ilitenga eneo la ukimya wa redio lenye ukubwa wa kilomita za mraba 34,000 hivi, kuzunguka kituo cha Green Bank. Karibu na antena kubwa za kituo hicho hutumiwa magari ya dizeli, kwa kuwa gari la petroli huwashwa kwa plagi, na plagi hurusha cheche. Ikiwa wenye mitambo ya fedha nyingi hukagua mahali kwanza, seuze mwenye nyumba moja tu.

VIFAA VYA KUCHUKUA

Chukua redio ndogo ya betri yenye mawimbi ya kati na FM. Ikiwa na mawimbi mafupi pia, ni bora zaidi. Tia betri mpya, maana betri zilizochoka huweza kuidanganya masikio yako. Usichomeke redio ukutani, kwa sababu chaja na adapta zenyewe ni miongoni mwa watuhumiwa. Chukua daftari, kalamu, na saa. Simu yako izime au iweke mbali na redio wakati wa kusikiliza.

Lipo onyo moja kwa wasomaji wetu wenye sare. Redio ya kazi ni ya kazi. Askari asichukue chombo cha kikosi kwenda kupimia kiwanja chake, wala asisikilize au kuzungumzia mawasiliano ya kazi mbele ya dalali na majirani. Redio ya nyumbani inatosha kabisa.

Kabla ya kwenda, isikilize redio hiyo hiyo hapo unapokaa sasa. Andika ni stesheni zipi unazipata vizuri, zipi kwa shida, na makelele ni kiasi gani mahali pasipo stesheni. Bila ya kipimo hicho cha kwanza hutakuwa na kitu cha kulinganisha.

HATUA ZA UCHUNGUZI

Kwanza, simama nje katikati ya kiwanja. Weka redio kwenye mawimbi ya kati, kisha tafuta mahali ambapo hakuna stesheni. Ongeza sauti. Mahali pazuri utasikia mvumo mwepesi kama upepo katika majani. Mahali pabaya utasikia mngurumo, mlio kama wa nyuki, au milipuko midogo midogo inayofuatana. Hata kama jamaa yako husikiliza FM peke yake, anza na mawimbi ya kati, kwa sababu ndiyo yanayoonyesha upesi makelele ya umeme. Namna FM inavyobeba sauti huiwezesha redio kuyapuuza mengi ya makelele hayo, ingawa si yote.

Pili, pitia stesheni unazozihitaji, moja baada ya nyingine. Kwenye FM, zungusha polepole kutoka megahezi 88 hadi 108. Ikumbukwe kwamba mawimbi ya FM hupenda kwenda moja kwa moja kama mwanga, na mlima ukikaa katikati huyazuia. Nyumba iliyo bondeni Kabale au nyuma ya kilima Kampala yaweza kukosa stesheni ambayo jirani wa juu anaipata wazi. Hilo si kosa la makelele, na dawa yake ni nyingine, hasa antena ya juu ya paa.

Tatu, ingia ndani, ukasikilize katika kila chumba. Mabati huzuia mawimbi. Polisi waliopata kukaa katika yuniporti, vile vibanda vya mviringo vya mabati, wanajua jinsi redio inavyofufuka mtu akitoka nayo mlangoni. Mwanasayansi wa Uingereza Michael Faraday alionyesha mwaka 1836 kwamba chumba kilichozungushiwa chuma huzuia umeme wa nje usiingie ndani. Kwa hiyo redio ikikataa ndani na kukubali nje, tazama kuta na paa kabla ya kumlaumu jirani.

Nne, ikiwa nyumba ina umeme, mwombe mwenye nyumba ruhusa ya kuzima swichi kuu. Redio yako ya betri iendelee kusema. Makelele yakitoweka papo hapo, chanzo kimo ndani ya nyumba hiyo, nacho chaweza kuondolewa. Makelele yakibaki vile vile, chanzo kiko nje, na hapo ndipo pa kufikiri sana. Kisha washa swichi moja moja, taa moja moja, mpaka mkosaji ajitaje mwenyewe.

Tano, rudi usiku. Hili ndilo neno kubwa kuliko yote katika makala haya. Mtaa wa saa nne asubuhi na mtaa wa saa mbili usiku ni mitaa miwili mbalimbali. Usiku taa zote huwaka, televisheni hufunguliwa, chaja huchomekwa. Tena usiku mawimbi ya kati yanayotoka mbali husafiri zaidi kwa kurudishwa na tabaka za juu za anga, hata ukasikia stesheni za nchi za mbali zikiingiliana na za karibu. Nenda mara moja mchana na mara moja usiku, na kama waweza, siku ya kazi na siku ya mapumziko.

KUMTAMBUA MKOSAJI KWA SAUTI YAKE

Askari mpelelezi humtambua mhalifu kwa nyayo. Makelele nayo yana nyayo zake.

Radi hutoa mlipuko mkavu usio na mpangilio, kisha kimya, kisha mwingine. Nchi zinazozunguka ziwa kubwa la Viktoria ni miongoni mwa sehemu za dunia zenye radi nyingi mno, kwa hiyo usikikatae kiwanja cha Entebbe au Jinja kwa sababu ya sauti hiyo. Radi ni ya wote, nayo hupita.

Nyaya za umeme zilizolegea au vikombe vya nguzo vilivyopasuka hutoa mngurumo mzito usiobadilika. Umeme wetu hugeuka mizunguko 50 kwa sekunde, na cheche huruka katika kila nusu ya mzunguko, yaani mara 100 kwa sekunde, ndiyo maana mlio wake ni kama wa nyuki wengi. Mvua ikinyesha, baadhi ya makelele hayo hutulia kwa kuwa unyevu huziba nafasi ndogo zinazorusha cheche. Mengine huzidi, hasa pale vikombe vilipojaa vumbi. Basi mtu aliyepima siku ya mvua peke yake hajapima.

Fundi wa kuchomelea vyuma hutoa mchakacho mkali unaoanza na kukoma ghafla, kadiri anavyogusa chuma na kuacha. Uzio wa umeme hupiga kidoko kimoja kila baada ya sekunde moja hivi, bila kuchoka. Pikipiki ya petroli hutoa mfululizo wa milipuko unaoongezeka kasi kadiri injini inavyoongezewa mafuta, kisha hupotea njiani. Mashine ya kukoboa au kusaga inayoendeshwa kwa mota ya umeme husikika saa za kazi, na jokofu hutoa mpasuko mmoja linapojiwasha na kujizima.

Wako pia wakosaji wa siku hizi ambao wazee wetu hawakuwajua: chaja za simu za bei ya chini, balbu za LED zisizo na kichujio ndani, na adapta za televisheni. Hivi vyote hukatakata umeme kwa kasi kubwa ili kuupunguza nguvu, na kazi hiyo hutoa mawimbi mengi. Sauti yake ni mvumo au mluzi unaojirudia mahali pengi redio inapozungushwa. Mitambo ya sola nayo imo. Kidhibiti cha chaji kikiwa kibovu au cha ovyo, makelele huanza jua linapochomoza na kukoma jua linapotua. Inveta hufanya kinyume: hunguruma umeme wa gridi ukikatika, wakati taa zinapowaka kwa betri. Ukiandika saa za makelele katika daftari, saa hizo peke yake zaweza kukutajia jina la chombo.

KUUJUA UPANDE YANAKOTOKA

Ndani ya redio nyingi za mawimbi ya kati mna kijiti cheusi kama makaa, kilichozungushiwa waya mwembamba. Hicho ndicho antena yake. Kina tabia moja yenye faida kubwa: husikia vizuri vitu vilivyo ubavuni mwake, na husikia kwa shida vitu vilivyo upande wa ncha zake. Kwa kawaida kijiti hicho kimelala kwa urefu wa redio.

Basi shika redio mkononi, geuka polepole mahali ulipo mpaka makelele yapungue kabisa. Hapo ncha za redio zinaelekea kwenye chanzo, ama mbele ama nyuma. Chora mstari huo katika daftari. Kisha nenda hatua mia moja kando, ufanye vile vile, uchore mstari wa pili. Mahali mistari inapokutana ndipo pa kutazamwa. Askari aliyesoma ramani atatambua mara moja kwamba hii ndiyo ile elimu ya kutafuta mahali kwa dira, isipokuwa hapa dira ni redio ya mtoto wa shule.

Lakini nyaya ndefu huweza kukudanganya. Makelele hutembea juu ya waya wa umeme mbali na pale yalipozaliwa, yakipanda na kushuka njiani. Usiseme kwa hakika kwamba ni nguzo fulani. Sema kwamba ni karibu na nguzo fulani.

USALAMA KWANZA

Hapana budi kusema wazi: mtu yeyote asipande nguzo, asiipige, asiitikise, wala asiguse waya wa kuishikilia ili asikie kama makelele yanabadilika. Waya ulioanguka usikaribiwe kabisa. Mtu anayeweka antena asirushe waya wake juu au chini ya nyaya za umeme, maana watu wameuawa kwa namna hiyo katika nchi nyingi. Kiwanja kilicho chini ya nyaya za nguvu kubwa kikiuzwa rahisi, ujue urahisi huo una sababu: njia ya umeme hutengwa na ujenzi hukatazwa ndani yake.

Vile vile, usizungukezunguke na redio na daftari kando ya kambi, kituo cha polisi, au mnara wa mawasiliano bila kujitambulisha. Mlinzi wa zamu hawezi kujua kwamba wewe unatafuta nyumba ya kupanga.

Na ikiwa kiwanja kiko karibu sana na mnara wa matangazo, kama vile kwenye miteremko ya kilima cha Kololo mjini Kampala, huweza kutokea shida nyingine. Mawimbi ya stesheni ya karibu huwa na nguvu mno hata redio ya bei nafuu ikalemewa, nayo ikatoa stesheni moja mahali pengi. Tangu stesheni za FM za watu binafsi zilipoanza Uganda mwishoni mwa mwaka 1993, minara imeongezeka sana, na jambo hili halina budi kuangaliwa.

MFANO WA SAJINI ANAYESTAAFU

Tuseme yuko sajini aliyebakiwa na mwaka mmoja wa utumishi. Dalali anampeleka kutazama nyumba ndogo pembeni mwa mji, saa nne asubuhi, siku ya Jumapili. Mtaa umetulia. Mkewe anakipenda kiwanja kwa sababu kina nafasi ya bustani ya mboga. Wanataka kulipa kesho yake.

Wakilipa hivyo, watahamia na furaha yao. Jumatatu asubuhi jirani wa ukuta mmoja atafungua karakana yake ya kuchomelea milango, maana Jumapili alikuwa kanisani. Kuanzia hapo, kila taarifa ya habari ya mchana itakatwa vipande. Sajini ataenda kuzungumza naye. Jirani atamjibu kwa heshima kwamba, afande, hii ndiyo kazi inayolisha watoto wangu, nami nilikuwa hapa kabla yako. Atakuwa amesema kweli. Hapo sajini atakuwa na njia mbili tu, kuvumilia au kugombana, na ugomvi wa majirani ni maradhi mabaya kuliko mikwaruzo ya redio.

Lakini wakirudi Jumatatu na redio yao, watasikia yote katika dakika kumi. Huenda wakakiacha kiwanja kile. Huenda wakakichukua kwa bei iliyopunguzwa, wakiwa wamekubali wenyewe jambo wanalolijua. Au mama atasema kwamba wao husikiliza redio jioni, na karakana hufungwa jioni, kwa hiyo hakuna neno. Uamuzi wowote kati ya hiyo ni mwema, kwa kuwa umefanywa na watu wenye macho na masikio wazi.

MASWALI YA KUULIZA

Kuuliza si ujinga. Muulize mwenye nyumba na majirani wawili watatu maneno haya: Je, redio na televisheni husikika vizuri hapa jioni? Kuna mashine gani katika mtaa huu, na hufanya kazi saa ngapi? Umeme hukatika mara nyingi? Yupo mtu anayetaka kujenga mnara au kiwanda karibu? Jirani wa mpangaji aghalabu husema kweli kuliko dalali, kwa sababu hapati kitu.

Jaribu na simu pia, maana simu nayo ni chombo cha redio. Piga kutoka kila chumba, hasa chumba cha kulala, kwa kuwa simu ya dharura huja usiku.

Makelele yakionekana yanatoka katika nguzo, mweleze mwenye nyumba ayaripoti kwa msambazaji wa umeme kabla ya mapatano. Tangu Aprili 2025, baada ya mkataba wa kampuni ya Umeme kumalizika, kazi hiyo kwa sehemu kubwa ya Uganda imo mikononi mwa kampuni ya serikali ya UEDCL. Taarifa nzuri hutaja nguzo au mtaa, saa, hali ya hewa, na sauti yenyewe. Cheche katika nguzo ni dalili ya ubovu, na ubovu huo waweza kuleta moto. Kwa hiyo kuripoti ni wajibu wa raia mwema. Mwingiliano unaotokana na mitambo ya matangazo au mawasiliano hupelekwa kwa Tume ya Mawasiliano ya Uganda, ambayo ndiyo yenye dhamana ya kugawa na kusimamia masafa.

MKIISHA KUHAMIA

Wala tusisahau kwamba sisi wenyewe twaweza kuwa makelele ya jirani. Mama wa nyumbani achomoe chaja zisizotumika. Balbu inayofanya redio ingurume ibadilishwe, na nyingine inunuliwe baada ya kujaribiwa dukani kwa redio ndogo iliyowekwa kando yake. Plagi na swichi zinazotoa cheche zitengenezwe na fundi mwenye ujuzi, kwa ajili ya redio na kwa ajili ya usalama wa watoto. Redio iwekwe karibu na dirisha, mbali na televisheni, jokofu na kidhibiti cha sola. Ikisikika vizuri kwa betri na vibaya kwa umeme wa ukutani, adapta ndiyo yenye makosa.

Watoto wakubwa wapewe kazi ya kuandika daftari la usikivu kwa wiki moja: stesheni, saa, na makelele. Watajifunza mengi juu ya umeme, na baba akirudi kutoka kazini atakuta nyumba inayojijua.

Nyumba haichaguliwi kwa redio peke yake. Maji, shule, njia na usalama vitaendelea kuwa mbele. Lakini baina ya nyumba mbili zinazolingana kwa hayo, ichukuliwe ile ambayo usiku, mvua ikinyesha na umeme umekatika, mama ataweza kuwasha redio mezani na kusikia wazi kila neno linalosemwa.